Kupitia Handaki la Kyanzou

Muindi hakumwambia mtu kwamba anakwenda ziwani Kyanzou. Angemwambia nani? Tangu amzike mkewe, Nzilani, nyumba yake pale Emali ilikuwa imezoea kimya. Zamani walilizunguka lile ziwa pamoja kila Agosti, Nzilani mbele akiimba nyimbo za kanisani, yeye nyuma akihema.

Ziwa lenyewe limelala ndani ya shimo la volkano, kuta za mawe meusi pande zote. Muindi alipanda hadi ukingoni asubuhi, akashika njia ya mbuzi. Huko juu alikutana na vijana wawili, mvulana na msichana, wakamwomba awapige picha. Akawapiga. Wakashukuru, wakaenda zao wakicheka, akabaki na upepo.

Hamu ya kunawa uso ndiyo iliyomponza. Alipokuwa akiteremka, kokoto ziliporomoka chini ya kiatu chake, akabingirika hadi majini. Simu ikazama. Kifundo cha mguu kikavimba papo hapo. Akaita, akaita tena. Kuta zikamrudishia sauti yake mwenyewe, basi.

Kupanda tena hakungewezekana. Ilibaki njia moja: handaki ambalo watu wa zamani walilichimba kwa sururu, kupitisha maji chini ya mlima hadi mashambani. Nzilani hakulipenda, alisema linanuka popo. Muindi aliinama, akaingia.

Maji yalimfika magotini. Alipapasa ukuta, vidole vikapita kwenye makovu ya sururu, na kule gizani akajisikia akimwambia Nzilani, "Polepole, mama. Kuna utelezi."

Akapiga hatua nyingine. Aliona haya, ingawa hakukuwa na wa kumcheka.

Alitokea kwenye shamba la nyanya. Mwanamke aliyekuwa akielekeza maji kwa jembe aliruka kando.

"Yesu! Mzee, umetoka wapi?"

"Ziwani. Nimeteguka mguu."

Mwanamke huyo, Mbinya, alimketisha juu ya debe, akamfunga mguu kwa leso yake. Kisha akatoa simu. "Nipe namba ya mtu wako, aje akuchukue."

Namba ya bintiye aliyeko Doha ilikuwa imezama na simu. Kichwani Muindi alikuwa na moja tu. Akaitaja kabla hajajizuia. Mbinya akabonyeza, akampa.

"Haloo, nani?" Sauti ya kijana, na nyuma yake kelele za soko.

"Namtafuta mke wangu."

"Hapana mzee, umekosea. Hii laini ni yangu tangu mwaka jana."

"Najua," Muindi alisema. "Pole kwa usumbufu."

Mbinya alipokea simu yake. Akatazama maji yaliyoanza kufurika mtaroni.

"Nitakuitia bodaboda. Ila nimalize huu mstari kwanza, maji yasipotee."

"Maliza tu. Sina haraka."

Akakaa pale, suruali ikidondosha maji, akimtazama Mbinya akifungua mfereji, shina baada ya shina.