Michi Mitatu, Kinu Kimoja

Mzee Anselmo wa Makote hakuwa na luti, wala hakuwahi kuigusa, ala hiyo ya Wazungu wa kale iliyo nduguye udi wa taarabu. Hakuwa na piano. Hakuwa na cheti cha muziki, wala miwani isiyofungwa uzi. Kusoma alijifunzia ngumbaru, darasa la watu wazima, jioni, akitoka kupalilia mikorosho. Noti alifundishwa na padri mmoja wa Lukuledi. Alichokuwa nacho ni mwandiko. Ndiyo maana Mwalimu Marko, msomi wa muziki wa Masasi, alimpa nyimbo za luti za karne tano nyuma azinakili, zichapwe kitabu cha wapiga gitaa. Jina lake lingekaa ukurasa wa kwanza: Amenakili Anselmo.

Marko alipozifuata kurasa, alikuta moja haijaandikwa kitu.

"Shikamoo, Mzee. Hii vipi?"

"Marahaba. Katikati ya wimbo pana alama ya 3. Wewe umeagiza kila pigo libaki na urefu wake wa mwanzo. Si sahihi. Wimbo utalala."

Marko akacheka. "Yalikuwa mapigo mawili, sasa matatu. Muda lazima uongezeke. Hata ngumbaru walifundisha kujumlisha, Mzee wangu."

"Walifundisha na kugawanya. Njoo."

Nyuma ya nyumba mkewe Cecilia na jirani yao Somoe walikuwa wanatwanga makopa ya muhogo, michi miwili ikipishana kinuni.

"Mama Isabela," alimwambia mkewe, "mwite Agatha aingie. Nawe Mwalimu, tazama mkono wa mke wangu tu."

Agatha, jirani wa pili, akadaka mchi wake, akaingia bila kuwasimamisha. Mkono wa Cecilia ulipanda na kushuka vilevile, haukukawia hata kidogo. Ila palipokuwa na vishindo viwili, sasa vilisikika vitatu.

"Mkono ndio kipimo," alisema Anselmo. "Tatu zimekaa palepale palipokaa mbili."

"Tukitwanga kwa hesabu yako, Mwalimu," Cecilia alidakia, mchi ukiwa hewani, "ugali tutaula Krismasi!"

Wenzake wakaangua kicheko. Marko hakucheka.

"Kinu si Ulaya. Maelekezo yangu ameshapewa mchapaji, na jina lako ameshalipanga. Ukurasa huo nitauandika mwenyewe."

"Uandike. Jina langu halitakaa juu ya kosa lako."

Marko alipoondoka, Anselmo alivuta kiti mezani, akaandika:

"Ndugu Mchapaji, ukurasa wa kumi na tisa, penye 3, mapigo matatu yachukue muda wa mawili. Mkirekebisha, liacheni jina langu. Msiporekebisha, lifuteni. Mtaambiwa nimesoma ngumbaru. Ni kweli, na sikukosa hata siku moja."

Kesho yake alishika njia ya posta ya Newala.

"Mzee, si ungepiga simu tu?" aliuliza karani.

"Simu wataikata. Barua wataifungua."

Akalamba ukingo wa bahasha, akaukandamiza kwa ngumi mara mbili, akaisukuma dirishani.