Boksi la Toubao Mezani

Mimi nina duka la dawa, na kazi yangu kubwa si kuuza, ni kunyima. Nanyima kutwa nzima. "Dada Chi, nipe toubao, mafua yananimaliza." Mafua ni virusi, mama, na hiyo ni antibiotiki, inaua bakteria. "Basi nipe vidonge viwili tu, nikipata nafuu naacha." Hongera sana! Utakuwa umewapa bakteria mazoezi, wakirudi hata daktari atawaamkia. Nikimdai mtu cheti cha daktari, ananikodolea macho kama nimemwomba figo. Wilaya nzima wananiita Chi Guizhi Mdomo, nami siwakatalii.

Sasa sikilizeni mdomo huo ulivyotaka kuniulia mdogo wangu.

Baadhi ya hizo toubao zikikutana na pombe mwilini, mtu anaweza kudondoka palepale. Sisi watu wa Shandong, huku China, tulipolijua hilo, mnadhani tuliacha kujitibu ovyo? Thubutu! Tulipata kisingizio. Kwetu ukikataa kikombe umemkataa aliyekumiminia, na hakuna udhuru unaopokelewa. Una ini bovu? Kunywa kidogo. Mke kakukataza? Kunywa mara mbili. Lakini ukisema umetumia toubao, chupa inarudi chini, maana hakuna anayetaka kuzika mgeni.

Mdogo wangu Dekuan alikuwa bingwa wa udhuru huo. Pombe ya mtama haimkai tumboni tangu ujana wake. Kwa miaka sita nilikuwa nikimpa boksi tupu la toubao kutoka dukani, naye analiweka kando ya vijiti vyake vya kulia, wima, kila mtu alisome. Boksi hilo lilihudhuria harusi nyingi kuliko mpiga picha. Mwishowe watu wote walishajua, wakawa wanalisalimia: "Aa, boksi, hujambo? Wa nyumbani wazima?"

Basi ikafika siku ya uchumba wa Ruolan, binti yake wa pekee. Tukakutana na upande wa mume mchana, hotelini, chumba cha pembeni, meza ya duara. Jambo nililolijua baadaye ni hili: Dekuan alikuwa na jipu kwenye fizi, limejaa usaha, na daktari wa meno akamwekea dripu ya toubao siku tatu mfululizo. Ya mwisho ilikuwa asubuhi ileile. Hakuniambia, eti ningemsema kwa kuchelewa kutibiwa. Na kweli ningemsema.

Baba wa bwana harusi, Mzee Luan, akasimama kabla hata samaki hajaletwa. Akammiminia Dekuan kikombe hadi ukingoni.

"Mkwe, vikombe vitatu, halafu watoto ni wetu sote."

Dekuan akaweka boksi mezani. Chumba kizima kikaangua kicheko.

"Lo! Limekuja na leo!" shangazi wa upande wa mume akapiga makofi. "Lipeni kiti!"

"Safari hii ni kweli," Dekuan akasema, akavuta mkono wa shati. Mgongoni mwa kiganja palikuwa na plasta. "Nimetoka kwenye dripu leo asubuhi. Jino."

"Ala! Kaja na plasta pia!" Mzee Luan akacheka mpaka machozi, kisha ghafla hakucheka tena. "Mkwe, kwa wengine fanya mzaha wako. Leo natoa mwanangu. Hutaki kunywa na mimi, au hutaki undugu na mimi?"

Ruolan akainamisha kichwa. Dekuan akanigeukia mimi, upande wa pili wa meza. "Dada, waambie. Wewe unaijua dawa hii. Waambie haichezewi."

Wote wakanitazama. Nitasema ukweli, maana hapa hakuna wa kunilipa kwa kudanganya: nilifurahi kutazamwa. Nilishachoka kuwa msambazaji wa maboksi, na utani ulikuwa umeshanifika ulimini.

"Niwaambie nini?" nikasema. "Boksi nimempa mimi, tena tupu. Plasta sijui kaiba wapi. Mwaka huu kaongeza vifaa, mwakani atakuja na machela."

Walicheka mpaka mhudumu akachungulia mlangoni. Dekuan peke yake hakucheka. Akamtazama binti yake, akainua kikombe, akanywa. Cha pili. Cha tatu akakigeuza chini juu kuonyesha kwamba halikubaki tone, na Mzee Luan akamkumbatia.

Samaki alipofika, uso wa Dekuan ulikuwa mwekundu hadi masikioni. Shangazi yule akasema pombe imeanza kumtambua. Dekuan akashika kifua. "Dada, moyo unakimbia. Sipati pumzi." Hata hapo, Mungu anisamehe, nilifungua kinywa nimtanie. Kisha akaegemea meza na kuteleza chini na kitambaa chote.

Nikapiga magoti, nikabandua plasta. Chini yake palikuwa na tundu la sindano, jipya, na wekundu kidogo pembeni. Nikapiga kelele waite gari la wagonjwa. Nikamlaza chali, nikainua miguu yake juu ya kiti cha Mzee Luan, nikawa nalitaja jina lake tu. Mapigo yake sikuyapata mkononi. Niliyapata shingoni, na yalikuwa hafifu.

Hospitalini tulisubiri saa mbili nzima. Daktari aliyetoka alikuwa binti wa umri wa Ruolan. Alisema shinikizo la damu, lililokuwa limeshuka mno, limeanza kupanda, kwamba amepona chupuchupu, na kwamba asiguse pombe hata ile ya kwenye mchuzi mpaka ziishe siku zitakazotajwa kwenye cheti. Kisha akauliza, kalamu mkononi:

"Hakusema ametoka kwenye dripu ya toubao?"

"Alisema," Ruolan akajibu. "Na mkono alituonyesha."

"Na mezani hapakuwa na mtu hata mmoja anayeielewa dawa hiyo?"

Mzee Luan akatazama viatu vyake. Ruolan hakunitazama kabisa, na hilo ndilo lililonichoma kuliko yote.

"Alikuwepo," nikasema. "Ni mimi. Nina duka la dawa."