Waacheni Walale

Binti aliinua mkono abishe, akaushusha. Akauinua tena, akaushusha. Nyuma ya mlango ule alisikia vicheko na vikombe vikigongana, na kila kicheko kilimzidishia hofu.

Alikuwa mwanafunzi wa utafiti wa afya, amebakiza mwaka mmoja ahitimu, na masomo yake yalilipiwa na watu wa aina mbili. Nusu ilitoka kwenye taasisi kubwa yenye jengo la vioo na walinzi wasiojua kutabasamu. Nusu ya pili ilitoka humu humu, kwenye sebule ya Mama Mwenyekiti, kwa chama kidogo cha wazazi wenye watoto wa kifafa. Chama chenyewe kiliitwa Tuko Macho. Waliuza keki, waliuza nguo za mitumba, walifanya matembezi ya hisani juani hadi viatu vikalika, ili mtu mmoja tu, yeye, asomee ugonjwa wa watoto wao. Taasisi ilikuwa imepatana na vyama vidogo vya namna hiyo: ninyi leteni nusu, sisi tutaleta nusu, na mtafiti tutamchagua pamoja. Siku ya usaili maprofesa walimwona wa kawaida. Aliyempigania kufa na kupona ni Mama Mwenyekiti. "Huyu anasikiliza," alisema, na maprofesa wakafunga mafaili yao.

Tangu siku hiyo wazazi walimwita Profesa. Walimtania tu, lakini walimtania kwa fahari, jinsi watu wanavyomtania mtoto wao wenyewe. Sharti lao lilikuwa moja: kila msimu aje awaeleze alichokipata, bila karatasi, bila kompyuta. "Ukishindwa kutueleza sisi hapa kwenye makochi," Mama Mwenyekiti alipenda kusema, "basi ujue hata wewe hujaelewa."

Safari hii alikuwa ameelewa. Laiti asingeelewa.

Miaka mingi nyuma Mama Mwenyekiti alimpoteza mtoto wake wa kwanza. Mtoto alianguka kifafa usiku, usingizini, mama mwenyewe amelala chumba cha pili amechoka na kazi, na asubuhi akamkuta amepoa. Baadaye mtoto wa mwisho, Kitinda, naye alipoanza kuanguka, mama akanunua saa ya kengele. Saa ikilia anakwenda kumtikisa, anamtaka ataje jina lake, kisha anamwacha alale mpaka kengele nyingine, saa moja baadaye. Mtoto akisinzia mchana, ni hivyo hivyo. Akawafundisha wazazi wengine, na kila familia iliyojiunga ilipewa saa yake na kukumbatiwa. Watu waliokuwa wamekufa moyo walitoka pale wakiwa na kazi ya kufanya, na kazi hiyo iliwashikilia wasianguke wenyewe.

Sasa utafiti ambao wazazi hao hao waliuvujia jasho ulikuwa umeonyesha kwamba kazi hiyo inawaumiza watoto. Binti aliwavisha watoto bangili za kupima usingizi, wa chama na wasio wa chama, akafuatilia nani analala vipi na nani anaanguka mara ngapi. Wanaoamshwaamshwa ndio waliokuwa wakianguka zaidi. Alirudia hesabu. Akampa mwenzake naye arudie. Alipiga magoti, kweli kabisa, akamwomba Mungu kosa lionekane mahali, na kosa halikuonekana.

Asubuhi ile msimamizi wake alikuwa amempigia simu.

"Mkataba wa mwaka wa mwisho wazazi bado hawajausaini," alisema. "Leo sema machache. Wakishasaini utawaandikia ripoti, wataisoma taratibu."

"Na mpaka waisome, Dokta, watoto wataendelea kuamshwa?"

"Chama kikijitoa, taasisi haitaweza kubeba nusu yao. Utarudi nyumbani mikono mitupu. Fikiri vizuri."

Alikuwa amefikiri njia nzima, na kadiri alivyofikiri ndivyo alivyozidi kuogopa. Mlango ukafunguka kabla hajabisha.

"Profesa! Mbona umeganda nje kama nguzo?"

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Pita, pita ndani. Jamani, mwone alivyokonda! Huko kwenye vioo hawakulishi?"

Sebule ilikuwa imejaa pomoni. Wengine walibanana kwenye makochi, wengine walikaa kwenye viti vya kuazima kwa jirani. Dereva mmoja wa malori, baba wa mapacha, alimsogezea kiti na kumwekea kikombe cha chai mkononi kabla hajaomba. Wote walikuwa na macho mekundu na mifuko chini ya macho. Zamani aliyaona macho yale akayahurumia. Leo aliyaogopa.

"Mtanisamehe nikisimama simama," Mama Mwenyekiti alisema. "Kitinda amelala ndani. Asubuhi ameanguka tena."

Hajamaliza, saa iliyokuwa juu ya kabati ikalia. Mama akaondoka bila haraka na bila kuchelewa, kwa mazoea, na sauti yake ikasikika kutoka chumbani: "Kitinda! Kitinda, jina lako nani? Sema nisikie. Haya, lala." Sauti nyingine ilijibu, nzito, ya mtoto aliyechoka hadi kwenye mifupa. Wazazi wakatikisa vichwa kwa kuridhika.

Mama aliporudi, wote walimgeukia binti.

Alijikaza kisabuni, akaanza. Aliwashukuru. Akawashukuru tena. Kwa zaidi ya nusu saa akaeleza habari za bangili, jinsi watoto walivyozipenda, jinsi mmoja alivyoitumbukiza yake kwenye ndoo ya maji, watu wakacheka. Kisha akafika pale penyewe, na ulimi ukamwangusha.

"Tumeona kwamba kuna uhusiano," alisema, "kati ya kumwamsha mtoto na... na hali yake ya kuanguka. Ni uhusiano wa maana. Si wa kubahatisha. Unahitaji kuangaliwa zaidi."

Aliuma na kupuliza, akauma na kupuliza, mpaka ikabaki kupuliza peke yake. Ndivyo wasomi wanavyoongea wanapoogopa, na wanalipwa kwa kuongea hivyo.

Dereva ndiye aliyekuwa wa kwanza kupiga makofi.

"Mmesikia? Uhusiano wa maana! Jamani, sayansi imekubali!"

Sebule ikalipuka. Watu walikumbatiana. Mwanamke mmoja aliyekaa karibu na mlango alijifunika uso kwa kanga akalia kwa furaha, maana mume wake alikuwa akimwambia kila siku kwamba amechanganyikiwa, anamtesa mtoto bure. Mama Mwenyekiti alisimama katikati ya chumba, uso umemchanua.

"Basi sikilizeni," alisema. "Kama kila saa inasaidia hivi, kuanzia leo ni kila nusu saa. Na tusiwe wachoyo. Tutawafuata hata wale wasio wa chama tuwafundishe. Profesa wetu ataandika, tutabandika kila zahanati."

Binti aliona kila mdomo ukisema ndiyo. Mpaka dakika ile alikuwa akijiogopea mwenyewe, masomo yake, nusu yake ya ada. Sasa alijiogopa. Kwa maneno machache ya woga alikuwa amewazidishia watoto mateso mara mbili, na watoto wengine ambao hata hawajui walikuwa njiani kuyapata.

"Hapana," alisema. Hakuna aliyemsikia. "Hapana! Hapana, jamani!"

Kikombe kilimponyoka, chai ikamwagikia magotini. Makofi yakakatika.

"Sikusema vizuri. Nilikuwa naogopa. Kuwaamsha hakuwasaidii. Kunawaumiza. Watoto wanaoamshwa wanaanguka zaidi kuliko wanaoachwa walale. Nilitaka iwe uongo. Nimerudia na kurudia, na si uongo."

Dereva alikuwa bado na viganja vyake hewani, akavishusha polepole juu ya mapaja akavitazama.

"Mapacha wangu," alisema. "Unasema ni mimi? Kwa mikono hii?"

"Nasema hatukujua, Baba. Sote. Hata mimi nilipoanza nilidhani nitawakuta mmepatia."

"Na mkataba wako hatujausaini," mwanamke wa karibu na mlango alisema. Hakusema kwa ubaya. Aliufuta uso wake kwa kanga ile ile, akasema kwa sauti ya mtu anayemkumbusha mwenzake jambo dogo.

"Najua, Mama. Msiposaini, msisaini. Nitarudi nyumbani. Lakini waacheni walale."

Miaka yote ya kusoma ilikuwa imekwenda na maji mbele ya macho yake, na bado hofu haikumtoka.

Mama Mwenyekiti alimgeukia kwa upole uliotisha kuliko kelele.

"Nililala siku moja," alisema. "Unajua nilichokikuta asubuhi, nimekusimulia mwenyewe, umekaa hapo hapo. Leo unakuja kwangu unaniambia nilale tena."

"Sijakwambia ulale, Mama. Kaa pembeni yake ukitaka, mtazame, sikiliza pumzi. Usimwamshe tu."

"Na yule wa kwanza? Ningemwamsha, asingekuwa hai?"

"Siwezi kujua, Mama." Aliona kwamba hilo nalo halitoshi, lakini lilikuwa kweli. "Utafiti unazungumzia watoto wengi kwa pamoja. Haujui habari za mtoto mmoja."

"Haujui habari za mtoto mmoja," Mama Mwenyekiti alirudia. "Mimi ninaye mmoja."

Binti aliinama akakiokota kikombe.

"Unaamini unachokisema?" Mama alimuuliza.

"Naamini."

"Basi kengele inakaribia. Nenda chumbani ukakae naye wewe. Ilie, asiamshwe, na lolote litakalotokea likukute wewe umekaa hapo. Nenda."

Angeweza kukataa. Angeweza kusema kwamba kanuni za utafiti haziruhusu, na angekuwa anasema kweli. Badala yake aliinuka, sketi imemganda magotini kwa chai, akapita katikati ya watu waliomwondolea miguu njiani bila kumtazama.

Chumba kilikuwa kidogo, pazia limeshushwa, sare ya shule imetundikwa kwenye msumari. Kitinda alilala ubavu, mdomo wazi, na juu ya nyusi palikuwa na kovu jipya la kuanguka. Binti aliketi ukingoni mwa kitanda. Alijua mambo mengi kuhusu watoto mia na zaidi. Kuhusu huyu mmoja, siku hii, baada ya kuanguka asubuhi, aligundua kwamba hajui kitu.

Kengele ikalia kule sebuleni. Ililia kwa muda mrefu, hakuna aliyejua nani aizime, mpaka mtu akaizima. Nyayo zikaja, zikakomea mlangoni. Hakugeuka, lakini alisikia Mama anavyohema.

Kitinda alivuta pumzi, akaitoa. Akavuta, akaitoa. Kisha akatoa moja ndefu, na nyingine haikuja.

Binti alisubiri. Alijua kwamba usingizi huwa hivyo, pumzi hupungua, husita kidogo, hurudi. Alikuwa ameliandika hilo kwa mkono wake mwenyewe. Lakini kifua kilikuwa hakiinuki, na yote aliyoyaandika yalimtoka kichwani kama hajawahi kukaa darasani. Hakutaka shahada, hakutaka kuwa na haki. Alitaka mtoto aseme jina lake, basi. Mkono wake ulitoka wenyewe ukafika begani kwa Kitinda, vidole vikajikunja vimtikise.

Mkono mwingine ukakikamata kifundo chake. Mama Mwenyekiti alikuwa ameinama juu yake, kucha zimemzama kwenye ngozi, midomo ikimcheza.

"Subiri," alinong'ona. "Subiri kidogo."

Kifua kikainuka. Kitinda alinung'unika, akageukia ukutani, akajivutia shuka akaendelea kulala.

Binti alianza kulia bila sauti, mabega tu yakimtikisika.

"Hivyo ndivyo ilivyo," Mama alimwambia sikioni. "Kila saa. Miaka yote hii, hivyo ndivyo ninavyojisikia."

Hakumwachia mkono. Alivuta kigoda kwa mguu, polepole kisikwaruze sakafu, akaketi karibu naye, na wote wawili wakaendelea kumtazama mtoto, wameshikana, wakiogopa kila pumzi.