Upande wa Kushoto wa Trekta

Mi jina langu Sijaona, na mutu asinifundishe woga. Vita tumeila miaka na miaka hapa Buyenzi, risasi tunazijua kwa mulio. Lakini siku mume wangu Hamissi aliposema Jumamosi anapeleka trekta Gihanga kulimia watu mashamba ya mpunga, nilisimama mulangoni nikafungua mikono.

"Na rangi hiyo? Apana. Utapita juu yangu."

Trekta yetu ilikuwa kijani cha jeshi. Hamissi aliinunua hivyo zamani za amani, na wakati ule nani alijali? Mwezi uliopita dereva wa kamionete ya kijani alipigwa risasi kwenye barabara ileile ya Gihanga, kutoka ndani ya matete. Waliompiga walidhani amebeba askari. Masikini, alikuwa amebeba vitunguu.

"Basi tutaipaka nyekundu," Hamissi akasema. "Lakini kwa pistole ya kupulizia rangi. Burashi sitaki. Trekta si ukuta wa choo."

Ndivyo alivyo. Viatu vitamtoboka, lakini kazi yake lazima ing'ae.

Tulikwenda wote wawili kwa Nasor, Mwarabu wetu wa hapa hapa, mwenye duka la vyuma katikati ya muji. Hamissi aliona kompreseri kubwa ya umeme, ile mashine ya kusukumia pistole upepo, macho yakamtoka.

"Kwenu umeme unawaka saa ngapi, Hamissi?" Nasor akamuuliza.

"Unapopenda wenyewe," nikajibu mimi.

Akatuonyesha ndogo. Hamissi akaigusa gusa, Nasor akatikisa kichwa. "Hii ni ya kujaza baisikeli. Itakupulizia vizuri kidogo, halafu itaanza kutema mate."

"Na Gaspard wa Ngagara, yule anayeziba matairi?" nikasema. "Si ana kompreseri ya petroli?"

"Mama amemaliza maneno," Nasor akacheka. Akatuchagulia pistole yenye kikombe juu, ili rangi ishuke yenyewe na upepo kidogo utoshe. Tundu lake akataka liwe pana, maana rangi ya trekta ni nzito. "Ukishatia dawa ya kukausha ndani ya rangi, usisimame hata kunywa chai. Maliza, uoshe pistole kwa tineri palepale." Mwishoni akatumbukiza burashi moja kwenye mufuko wetu, zawadi. Hamissi aliitazama kama amepewa panya aliyekufa.

Ijumaa asubuhi Gaspard alituletea kompreseri yake, akatuachia. Hamissi alijaribu kwanza kwa maji juu ya karatoni, kisha akaanza upande wa kulia. Wallahi, ilipendeza! Nyekundu imelala laini, unajiona uso. Nilimpigia vigelegele. Akakoroga rangi ya upande wa kushoto, akatia dawa ya kukausha, akajaza kikombe. Hapo muazini akaita.

Sasa mumujue Hamissi. Akisikia adhana, hata tonge analirudisha sahanini. Aliweka pistole juu ya kiti, akavaa kanzu.

"Osha kwanza!" nikapiga kelele.

"Nasali tu narudi!"

Tineri alikuwa ameifungia sandukuni watoto wasiichezee, na ufunguo akaenda nao. Baada ya sala kukawa na janaza. Buyenzi mutu haachi janaza, hata awe na nyumba inaungua. Hamissi akafuata jeneza mpaka makaburini, akashika koleo kama wenzake, akaomba dua mpaka mwisho. Aliporudi alasiri ilikuwa imepita, na rangi imekuwa jiwe ndani ya pistole.

"Ala, Hamissi! Upande mumoja bibi harusi, upande mwingine askari!" Nilimsema mpaka jirani yangu Fadhila akachungulia juu ya ukuta. Maduka yamefungwa, na alfajiri aondoke.

Hamissi alikaa chini juu ya karatoni. "Nitakwenda hivyo hivyo. Wenye mashamba wananingoja. Musimu ukipita, watoto watakula nini?"

Hapo hasira yote ikanitoka, ikabaki hofu. Niliogopa, sisemi uongo. Nilimuona kabisa amelala kwenye yale matete, na trekta inanguruma peke yake.

Nikachukua burashi ya Nasor. Rangi ilikuwa imebaki kwenye kopo, dawa ya kukausha ndiyo imekwisha. Fadhila akaruka ukuta na kitambaa chake, tukapaka. Michirizi ikashuka, vinundu vikasimama, nywele za burashi zikanasa humo humo. Hamissi akaziba uso.

"Watanicheka mpaka Gihanga."

"Wakucheke! Mutu anayecheka hapigi risasi. Bora nusu shari kuliko shari kamili."

Jumamosi sikula kitu. Kila mulio wa gari nilitoka nje, Fadhila ananirudisha ndani. Jua linazama nikasikia kile kikohozi cha trekta yetu, nikakaa palepale kizingitini.

Hamissi alishuka anacheka. Karibu na matete, akasema, watu wenye bunduki walitokea upande wa kushoto wakamusimamisha. Mumoja aliegemea madigadi ya tairi la nyuma, mukono ukatoka mwekundu.

"Rangi bado mbichi! Nani amepaka ovyo namna hii?"

"Bibi yangu," Hamissi akamujibu. "Aliapa sitatoka nyumbani na kijani cha jeshi."

Wakacheka mpaka mumoja akakaa chini barabarani. "Uyo bibi yako ana akili kuliko we. Pita, muzee. Ingekuwa kijani tungekwishapiga."

Hamissi alinishika mabega mbele ya watu, yeye mutu wa haya, akalia. Na mi nikalia, nikacheka, nikalia tena. Mungu si Athumani.

Baadaye Nasor alipata pistole nyingine, na Hamissi akaanza tena maneno yake, eti upande wa kushoto nao apulizie, ulingane na wa kulia. Nilisimama mulangoni nikafungua mikono. Hakuniuliza kwa nini.

Ule mukono wa yule mwenye bunduki umebaki pale kwenye madigadi, vidole vyote vitano, umekaukia ndani ya rangi yangu. Kila alfajiri Hamissi akitaka kutoka, naufuta vumbi kwanza, nasema alhamdulillahi, ndipo namufungulia lango.