Theluji ya Buluu

Ruqayya alikuwa akisukuma chapati, jicho moja dirishani. Kule chini, kwenye maegesho, Dija alikuwa akikutana na theluji kwa mara ya kwanza. Alikuwa na umri wa miaka sita, wiki moja tu tangu atoke Mombasa, na koti la baba yake Munir lilimfanya awe kama mto ulioota miguu. Alijiangusha chali. Akainuka, akairusha juu, akaitegea ulimi. Akachota kwa viganja viwili, akaibugia na macho kayafumba kwa utamu. Ruqayya alicheka peke yake hadi unga ukampanda puani.

Kisha mtoto akapotea nyuma ya gari la jirani. Alipotokea, glavu yake ilikuwa buluu.

Kicheko kikamkauka. Miaka tisa ya kuendesha gari kwenye baridi ya mji wa Eagan, huku Marekani, ilikuwa imemfundisha rangi ile: maji ya kuoshea kioo cha gari, yale yasiyoganda, yenye picha ya fuvu kwenye dumu. Asubuhi jirani alikuwa amejaza tangi, nusu akaimwagia theluji.

Akazima jiko, akashuka ngazi na champali miguuni.

Kilichomtia baridi si hewa. Yalikuwa ni maneno yake mwenyewe, aliyoyasema kwenye simu mtoto akiwa bado Mombasa: "Huku barafu hazinunuliwi, mwanangu, zaanguka bure. Nyeupe ni za kila mtu. Ukipata ya buluu, hiyo ndiyo ina sharbati!" Mzaha mzaha hutumbuka usaha, na Ruqayya alikuwa mtu wa kuucheka hata msemo huo.

"Dija! Umeila hii?"

Glavu ikaenda nyuma ya mgongo. "Ipi?"

"Hii ya buluu!"

"Sijaila, shangazi." Pembeni mwa mdomo palikuwa na doa.

Ruqayya akatoa simu, akapiga namba ya msaada wa sumu aliyokuwa ameihifadhi humo na ambayo hakuwahi kudhani ataihitaji. Mwanamke wa upande wa pili aliuliza kwa upole uliomtisha zaidi: umri, uzito, kiasi gani. Kama amelamba tu, mpe chakula, mwangalie. Kama amemeza, hata funda moja, hospitali sasa hivi. Usingoje dalili. Zinakuja saa nyingi baadaye, na zikija huanza na macho.

"Dija, umelamba ama umemeza?"

"Sijala. Wallahi."

"Usiape! Nijibu!"

Mtoto akamtazama, akaanza kutabasamu. "Wanitania. Wajua kuikunja sura, shangazi!"

Hapo ndipo Ruqayya alipoelewa. Kwa wiki nzima alikuwa amemwambia mtoto huyu kwamba kuchakulo, wale kindi wa Marekani, hupeleka barua, kwamba jokofu lina mzee ndani anayewasha taa. Na sasa Dija alikuwa akisubiri mwisho wa kichekesho.

Akapiga magoti pale pale thelujini.

"Nisikilize. Nilikudanganya. Hakuna sharbati. Ni maji ya gari, ni sumu. Mwongo ni mimi, wewe hukufanya kosa. Hakuna atakayekupiga, hakuna atakayekurudisha Mombasa. Niambie tu."

Tabasamu likaondoka polepole.

"Nilimeza," Dija akanong'ona. Akakunja viganja kuonyesha. "Hivi. Mara mbili."

Njia nzima ya hospitali Ruqayya aliendesha mkono mmoja kwenye usukani, mwingine ukishika mguu wa Dija kwenye kiti cha nyuma.

"Lile gari rangi gani?"

"Nyekundu."

"Na lile?"

"Shangazi, mbona walia?"

"Rangi gani, Dija!"

"Kijani. Nitakufa?"

"Na lile bango?"

Hospitali walimtoa damu, wakamtundikia dawa ya dripu. Daktari hakusema amepona. Alisema wamewahi, na kwamba usiku huo hatatoka pale. Ruqayya alilishika neno hilo moja, wamewahi, kama anayeshika kamba kisimani.

Munir akaingia mbio kutoka kazini mji jirani wa Savage, bado na fulana ya njano ya ghalani.

"Alikula nini? Nani alimwachia?"

Dija akafungua mdomo. Ruqayya akamtangulia.

"Ni mimi, Munir. Kaa chini nikwambie."

Munir hakukaa.