Dochka Anamngoja Mama

Mfuko wa hisani ulipotoa ruzuku ya nyumba ya vyumba vinne ya kutunzia watu wenye ulemavu wa akili hapa Sevlievo, Bulgaria, niliruka kwa furaha na magoti yangu haya mabovu. Mdogo wangu Dochka, ambaye akili yake ilibaki ya mtoto, angetoka kwenye kituo cha kule mlimani alikowekwa tangu utotoni. Ila wafadhili nao wana masharti yao: mkazi akae kwa hiari. Asipotulia mwezi wa kwanza, chumba anapewa mwingine, yeye anarudishwa.

Dochka hakutulia hata kidogo. Kila asubuhi alivaa koti, akakaa ngazini.

"Unaenda wapi wewe?" Zlatka, mlezi wa nyumba, alimuuliza.

"Siendi. Namngoja Mama. Alisema atanifuata."

"Mngojee ndani basi, supu inapoa."

"Supu yako haina chumvi, shangazi."

Mama alikuwa amefariki miaka miwili nyuma. Wale wa mlimani walinikataza kumwambia, eti ataugua, nami nikanyamaza. Tatizo ni hizi karatasi zetu za tanzia. Kila mwaka tunabandika upya picha ya marehemu milangoni na kwenye nguzo za taa, na za Mama nilikuwa nimezibandika mwenyewe. Kabla Dochka hajafika, nilipita mtaa mzima nikizibandua kwa kisu cha jikoni.

"Tsonka, umemchoka mama yako hata ukutani?" jirani aliyekuwa akichoma pilipili uani alinikebehi. Nilimwambia ashughulike na pilipili zake.

Wiki ya tatu nikakuta ngazi tupu. Nilikimbia nikihema mpaka kituo cha basi. Dochka alikuwa amesimama mbele ya nguzo niliyoisahau, kiganja chake kikiwa kwenye shavu la Mama pichani. Kusoma hajui, ila sura ile anaijua.

"Dada, wanaowekwa hapa si wamekufa?"

Jinsi nilivyomtamani Mama saa ile, aje aseme yeye.

"Ndiyo, mpenzi. Amekufa."

"Najua. Angekuwa hai angekuja."

"Sasa kila siku pale ngazini ulikuwa unangoja nini?"

"Nilikuwa nangoja uniambie."

Nililia pale pale, watu wa basi wakitutazama. Dochka hakulia. Aliibandua karatasi polepole kwa kucha, pembe kwa pembe, isichanike.

"Twende naye kwangu," akasema. "Ukutani kuna nafasi."