Nani Alimpeleka Nani

Mama mkwe wangu, Fortunata, alipigwa na kiharusi akimenya viazi. Kisu kilianguka kwanza, kisha yeye. Tulimteremsha hadi hospitali ya mjini Huamanga nyuma ya gari la mizigo, mimi nimekipakata kichwa chake, na mume wangu Edilberto akimpigia dereva kelele apunguze mwendo kwenye kona. Alirudi nyumbani akiwa hai, mkono wa kulia umelala, mdomo umeenda upande, na maneno yake yamekatika mikia.

Sijui nieleze vipi. Kwetu, kwa Kiquechua, neno halisimami peke yake. Unataja mbwa, unataja mtu, unataja kuuma, na aliyeumwa unambandikia kijineno *ta* mwishoni. Ukishakibandika, hata uanze na mtu, hata uanze na mbwa, kila mmoja ameelewa. Nilikuwa nimekitumia kijineno hicho tangu nizaliwe bila kukifikiria hata siku moja. Mama aliporudi hakuwa nacho. Alikuwa akisema mbwa, mtu, uma, halafu anatutazama kama ametueleza kila kitu.

Kwa mambo ya nyumbani tulielewana. Maji, blanketi, choo, supu. Nilimzoea haraka, naye alinizoea, na akikasirika alinirushia kijiko kwa mkono wa kushoto, nami nikamwambia mkono huo nao una shabaha mbaya, akacheka kwa nusu ya uso.

Jioni moja baada ya kula alinishika sketi nilipokuwa naondoa bakuli. Akasema, "Taytayki." Baba yenu. Akapumua. "Melitón." Akapumua tena, muda mrefu. "Pusa."

Yaani peleka, ongoza mtu. Edilberto alikuwa mlangoni anavua viatu. Alibaki ameshika kimoja mkononi.

Baba yake, Alejandrino, alichukuliwa na wanajeshi miaka ile ya vita, Edilberto akiwa na miaka tisa. Siku hiyohiyo alichukuliwa jirani yetu Melitón. Melitón alirudi baada ya wiki, kichwa kimefungwa kitambaa. Alejandrino hakurudi, na mpaka leo hatuna kaburi lake. Mama alikuwa nyumbani siku ile, lakini hakuwahi kuisimulia. Watoto wakiuliza alikuwa akiwatuma kuni. Melitón ndiye aliyemfundisha Edilberto kulima kwa maksai, ndiye aliyesimama pembeni yetu tulipofunga ndoa, na ndiye baba wa ubatizo wa binti yetu wa kwanza. Kila Jumapili alituletea jibini.

Edilberto alipiga magoti mbele ya mama yake. Akamuuliza polepole kama Melitón ndiye aliyempeleka baba kwa wanajeshi. Mama akasema ndiyo. Nikamwambia mume wangu aulize upande wa pili. Akauliza kama baba ndiye aliyempeleka Melitón. Mama akasema ndiyo. Akauliza kama wote wawili walipelekwa na watu wengine, akasema ndiyo, machozi yanamtoka, huku anampiga mwanawe begani kwa ngumi ndogo, kana kwamba mjinga alikuwa yeye Edilberto.

Asubuhi alimpigia simu dada yake.

Wifi yangu Nilda anafundisha Kiquechua chuo kikuu Huamanga. Kazi yake yote ni hivyo vijineno vya mwisho: kipi kinaonyesha mtendaji, kipi mtendewa, kipi kinasema kitu kimetoka wapi na kinaenda wapi. Zamani tulikuwa tukimtania kwamba amesafiri hadi mjini kujifunza lugha ya bibi yake. Safari hii hakuna aliyemtania. Alipofika Jumamosi, Edilberto alimwambia, "Dada, hii ndiyo kazi yako. Msikilize utuambie amesema nini."

Nilda alikuja na picha alizochora mwenyewe. Moja mbwa anamuuma mtu, nyingine mtu anamuuma mbwa. Mama aliiona ya pili akacheka mpaka akakohoa. Nilda akamwomba aseme inaonyesha nini. Mama akasema, "Mbwa. Mtu. Uma." Akamwonyesha ile ya kwanza. "Mbwa. Mtu. Uma." Nilda akamtamkia mwenyewe, taratibu, akikivuta kile kijineno, na mama akatazama mdomo wake kama mtoto anayetazama mtu akipiga mluzi. Alijaribu. Ulimi ulifika mwisho wa neno ukaishia hapo. Walifanya hivyo siku mbili nzima. Jumapili jioni mama alizigeuza picha zikatazama meza, akafumba macho.

Nilda alikuja kukaa nami jikoni, karibu na moto. Alisema kwamba amejaribu na njia nyingine, kwa sababu kwetu mtu unaweza kumtambulisha kwa alichofanya. Ukisema *pusaq*, ni yule aliyepeleka. Ukisema *pusasqan*, ni yule aliyepelekwa.

"Mama anafika *pusa*," akasema. "Anafika mlangoni, wifi. Halafu mlango haufunguki."

"Na kwa moyo wako unaonaje?" nilimuuliza.

"Moyo wangu si sarufi."

"Sikuulizi sarufi. Nakuuliza wewe."

Aligeukia sufuria. Alichukua kiazi kilichochemshwa, akakimenya chote, akakirudisha sufuriani bila kukionja.

Edilberto hakungoja. Melitón alipopita na jibini lake jioni ileile, alimkaribisha ndani, akamkalisha kwenye kigoda karibu na kitanda cha mama, akampa majani ya koka kama desturi. Kisha akamuuliza waziwazi, mbele yetu sote, kama siku ile ni yeye aliyewaleta wanajeshi mpaka mlango huu.

Mzee aliyasukuma majani shavuni. Mikono yake ilikuwa imetulia magotini. Akasema neno moja: "Pusasqani."

Nilimwona Nilda akishika ukingo wa meza.

Nimpeleke msomaji polepole hapa. Angeweza kusema *pusarqani*, nilimpeleka, nakumbuka, nilikuwepo. Hakusema hivyo. Kile kijineno alichokiweka, *sqa*, hapa ni kile tunachokitumia tukisimulia tulichofanya tukiwa tumelala, au tumelewa, au tukiwa bado wachanga. Nimeamka nikakuta nimeipiga blanketi teke. Watu wananiambia jana niliimba. Kumbe nilimpeleka.

"Ulimpeleka au hukumpeleka?" Edilberto alisema. "Usinichezee maneno, mzee."

"Sikuchezei, mwanangu. Walinipiga kichwani kwa kitako cha bunduki pale uwanja wa kijiji. Nilipopata fahamu nilikuwa ndani ya lori, baba yako yuko pembeni yangu, ameniwekea mkono kichwani damu isitoke. Kambini walitutenganisha. Baadaye watu waliniambia nilitembea mbele ya wanajeshi mpaka hapa kwenu. Wengine wakaniambia hapana, baba yako alitoka mwenyewe kuja kuniokota. Mimi sijui."

"Hujui."

"Aliyekuwa mlangoni ni mama yako. Yeye ndiye aliyeona." Akageuka kumtazama mama. "Nami kila Jumapili nilikuja nikidhani leo ataniambia. Nikiogopa, lakini nilikuja."

Kisha mzee yule, mwenye nywele nyeupe kama sufu ambayo haijaoshwa, aliinama akamuuliza yeye mwenyewe. Alimwita mamá Fortunata. Alimwomba amwambie hata kama ni baya.

Mama aliukamata mkono wa Melitón kwa mkono wake mzima. Aliushika kwa nguvu hadi kucha zikaacha alama, nami sikuweza kujua kama anamshika asiondoke au anamshika kama unavyomshika mwizi. Midomo yake ilitafuta. "Melitón," akasema. "Taytayki." Akarudia, akabadilisha, "Taytayki. Melitón." Kwetu kubadilisha mpangilio hakubadilishi kitu. Nilda alikuwa amesogeza sikio karibu kabisa na mdomo wa mama, mwanamke mwenye shahada mbili, amepiga magoti sakafuni, analia bila sauti, anasubiri silabi moja.

Haikuja.

Mama aliuachia mkono akageukia ukutani. Melitón alikaa kidogo, akavaa kofia yake, akaaga. Hakuna aliyemsindikiza. Jibini lilibaki mezani, na mimi nililikata kesho yake kwa sababu watoto walikuwa na njaa.

Edilberto hakumtukana wala hakumtuhumu mbele ya watu. Alichukua tu nira ya maksai, ile waliyokuwa wakiitumia pamoja, akaenda kuiegemeza kwenye ukuta wa Melitón, akarudi. Katika kijiji chetu hilo linatosha. Nilijaribu kumwambia kwamba mzee hakukiri. Akaniambia hakukana pia. Nikamwambia baba yake alimzuilia mzee damu kwa mkono wake. Akaniambia hilo nalo tumelisikia kwa Melitón peke yake. 

Nilda aliendelea kupanda huku kijijini kila mwisho wa wiki hadi mvua zilipoanza. Alileta picha mpya, alileta daktari wa maneno kutoka mjini, kijana mpole ambaye alijua Kihispania tu, na mama akamsalimia kwa kichwa akalala. Maneno yalizidi kupungua. Pusa liliondoka mapema. Kisha likaondoka jina la Melitón. Tuliachiwa taytayki, na siku nyingine alimwita hivyo Edilberto mwenyewe, nasi hatukujua kama anauliza au anamfananisha. Nilda aliniambia darasani akifika kwenye somo la mtendaji na mtendewa huwaachia wanafunzi wasome wenyewe, yeye anasimama dirishani.

Melitón aliondoka kabla ya msimu wa kupanda. Binti yake aliyeko Ica alikuja kumchukua. Alifunga mlango kwa waya, akaacha kuku kwa jirani wa juu. Alipita mbele ya nyumba yetu na mfuko wake wa nguo. Mimi nilikuwa uani namwosha mama nywele. Alivua kofia, akasimama, akamtazama mama, na mama akamtazama, maji yanamchuruzika shingoni. Nilitaka kusema neno lolote. Nilikuwa na maneno yote, na mikia yake yote, na sikupata hata moja.

Shamba lake limepakana na letu, hakuna ua katikati. Siku ya kulima Edilberto aliazima maksai kwa mtu mwingine, akaanza upande wa chini, mistari imenyooka kama alivyofundishwa. Alipofika mpakani aliwasimamisha. Nilimpelekea mahindi ya kuchemsha nikamkuta ameketi juu ya bonge la udongo, anatazama upande wa pili, magugu yameshafika magotini. Nikamuuliza kama ataligusa shamba la mzee. Akasema hajui. Nikaketi naye tukala, maksai wamesimama wakipumua, kisha akainuka akawageuza kurudi kwetu.